Maili au pointi? Kwanza tazama tozo

SWALI: Nina duka la nguo Makoroboi, hapa Mwanza. Nafuata mzigo Dubai mara mbili kwa mwaka, kila safari natumia kama milioni 8. Benki mbili zinanishawishi nichukue kadi ya mkopo ya wasafiri. Ya kwanza ni ya shirika la ndege: maili 1 (alama ya kukatia tiketi) kwa kila sh. 2,500 ninazotumia, ada ya mwaka 200,000, tozo ya matumizi ya nje asilimia 3.5. Ya pili ni ya pointi za benki: pointi 1 kwa kila sh. 1,000, ada 60,000, tozo asilimia 2, na kila pointi ni sh. 5 ukikata tiketi ya ndege yoyote. Hapa nyumbani naweza kulipia kwa kadi milioni 1.2 kwa mwezi. Nichukue ipi?
Mama Duka, Makoroboi

JIBU: Ya pili, Mama, ila mzigo usinunue kwayo.

Kwa mwaka ungepitisha milioni 14.4 nyumbani na 16 Dubai, jumla milioni 30.4. Kadi ya ndege ingekupa maili 12,160. Thamani ya maili huikuti kwenye kipeperushi, unaitafuta mwenyewe. Chukua safari unayoifanya kila mara, tuseme Dar–Dubai kwenda na kurudi kwa sh. 1,400,000. Ingia tovuti ya shirika uone safari hiyohiyo inadai maili ngapi, na kodi kiasi gani, maana kodi na ada za viwanja bado utalipa. Tuseme ni maili 45,000 na kodi 500,000. Toa kodi kwenye bei, kinachobaki gawa kwa 45,000: maili moja ni sh. 20.

Basi maili zako za mwaka ni sh. 243,200. Ada inachukua 200,000. Tozo ya asilimia 3.5 kwenye milioni 16 ni 560,000. Umepoteza 516,800, na tiketi bado hujaiona, kwani kwa mwendo huo maili 45,000 zinataka karibu miaka minne. Maili za mashirika mengi huisha muda. Uliza zinadumu miezi mingapi kabla hujasaini. Uliza pia kama zinafika Mwanza. Kipande cha Mwanza–Dar ukikikatia tiketi ya peke yake, ndege ikachelewa ukaachwa Dar, shirika la pili hulidai kitu, wala halikujui.

Kadi ya pointi nayo, ukiibeba hadi masoko ya Deira, Dubai, inakupa 152,000 na kukutoza 320,000, bado ada. Iache ifanye kazi nyumbani. Ada yake inarudi ukifikisha pointi 12,000, yaani milioni 1 kila mwezi. Kwa milioni 1.2 unabaki na sh. 12,000 kwa mwaka. Hela ya sangara wa jioni moja, basi.

Na hiyo milioni 1.2 tuna wasiwasi nayo. Pale Mwaloni muuza dagaa hana mashine ya kadi. Ni taslimu au lipa namba, na kulipa hivyo kwa salio la simu hakuipi kadi pointi. Hesabu mafuta, supamaketi na tiketi tu. Mwenye duka akikwambia "kwa kadi ongeza asilimia 3", lipa taslimu: pointi zako ni nusu ya asilimia moja tu. Jumla isipofika milioni 1, omba benki ikusamehe ada ya mwaka wa kwanza. Wakikataa, usichukue yoyote.

Hela ya mzigo itume kwa uhamisho wa benki au nunua dola kabla ya safari, ukilinganisha bei ya sehemu mbili tatu. Kadi Dubai iwe ya hoteli. Mapokezi huzuia dhamana kwenye kadi, na kuiachia huchukua siku kadhaa. Kwenye kadi ya kawaida ya akaunti, inayozuiwa ni pesa yako ya mzigo, kwenye ya mkopo ni kikomo chako cha kukopa tu. Mashine ikikuuliza ulipe kwa dirhamu au shilingi, bonyeza dirhamu. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilishia hupangwa upande wa mwenye mashine, naye hujiongezea chake.

Usitoe taslimu ATM kwa kadi ya mkopo. Kwa kawaida riba huanza siku hiyohiyo na pointi hupati. Manunuzi ya kawaida hayana riba ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyo kwenye taarifa ya mwezi. Riba ikiwa asilimia 3 kwa mwezi, deni la milioni 2 lililolala mwezi mmoja ni sh. 60,000, ada nzima ya mwaka. Kwenye fomu ya kuruhusu benki ikate deni la kadi moja kwa moja kwenye akaunti yako huwa kuna visanduku viwili, "malipo ya chini" na "salio lote". Weka alama kwenye cha pili, na uondoke na nakala.