Mgeni na jembe lake

SWALI: Shikamoo shangazi. Ninaishi Mwanga, hapa Kigoma, na mume wangu na mtoto mmoja. Chumba cha uani kiko wazi tangu mpangaji ahame. Kuna mama muuza dagaa wa Kibirizi, nyumba yake imeingiliwa na maji ya ziwa, sasa analala na wanawe wawili barazani kwa watu. Nataka nimkaribishe bila kodi. Mume wangu amekubali, ila anauliza kama wiki mbili zitatosha. Na tuishi naye vipi asijione mzigo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mumeo wiki mbili hazitoshi. Mito inayoingia Ziwa Tanganyika ni mingi, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, kule Kongo. Maji yakishapanda huchukua miezi kushuka, na kama ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, hamtaukuta. Anzeni na miezi sita, na mumtajie mwenyewe kabla hajaleta godoro. Asipojua siku zake ni ngapi, atalala na mizigo imefungwa.

Hilo la pili linaniuma, maana nililikosea. Mwaka 2021 ziwa lilipopanda nilimchukua mama kama huyo, hapa kwangu Ujiji. Kwa mapenzi nikamkataza kila kazi: wewe kaa, umepata shida. Nikapika mimi, nikaosha mimi. Wiki ya tatu natoka sokoni, namkuta mwanawe wa miaka minne kasimama kando ya mtungi, kikombe mkononi, ananingoja nije nimruhusu anywe maji. Nilikaa chini pale pale na kapu langu.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi huuchukua msemo huo kama namna ya kumfukuza mtu. Mimi siuchukui hivyo tena. Mwenye jembe ana pa kwenda asubuhi, na jioni haombi radhi akiuliza chumvi iko wapi. Siku ile ile nilimwachia mwenzangu jiko, tukagawana siku za kupika. Akatupikia migebuka kwa mawese, akamgombeza binti yangu kwa kuchezea chakula. Nilifurahi mno kumsikia akigomba!

Basi mpe ufunguo wake, wa geti na wa chumba. Mwonyeshe pa kuanika dagaa (harufu itaingia ndani, vumilieni). Kodi usichukue, lakini akinunua luku hata ya elfu mbili, pokea, wala usimrudishie.

Kabla hajahamia, nenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa aandikwe. Huenda akahitaji barua yake kuhamishia watoto shule, na ni afadhali majirani wamjue kwa njia hiyo kuliko kwa umbea.

Siku ya kwanza mumeo ndiye awapokee mlangoni, wasikie karibu kinywani mwake. Nawe uwapeleke watoto wakaone mtungi ulipo.