Uliza Anko: Nimebonyeza "unsubscribe" na bado wananiandikia

Anko habari. Nilinunua tiketi za shoo Uhuru Gardens, mimi na dadangu, kwa mtandao mmoja wa kuuza tiketi. Shoo ilikuwa poa, tukarudi nyumbani na vumbi kwa viatu, mimi nikajua hiyo maneno imeisha. Wapi! Tangu hapo ni imeli kila siku, ati tiketi za bei ya mapema zinaisha leo, ati komedi Westlands, ati boti raid Mombasa na mimi hata sina fare ya Mombasa. Nimebonyeza unsubscribe, wakanyamaza kidogo, wakarudi. Nikasema basi wacha nifunge akaunti, nikaingia apu, nimetafuta hiyo batani hadi betri ikaisha. Nimetoa apu kwa simu lakini imeli bado zinakuja. Hawa watu niwafanyie nini? — Aliyechoka, Umoja

Pole sana Aliyechoka. Hapo umechanganya vitu tatu, na si makosa yako juu hawa watu wanafaidika sana ukichanganya. Kutoa apu kwa simu ni kitu moja, kukataa matangazo ni kitu ingine, na kufunga akaunti ni ya tatu kabisa. Ukitoa apu umejisaidia nafasi kwa simu tu, kwao bado uko, jina lako, namba yako, imeli na kila shoo umewahi kuenda. Ukibonyeza unsubscribe umewaambia wasikutumie matangazo, akaunti iko palepale. Ukifunga akaunti nayo si lazima listi ya matangazo ijue, juu mara nyingi hiyo listi inakaa kwa sistemu ingine tofauti na ile ya tiketi. Kwa hivyo ni lazima ufanye zote mbili, unaanza na matangazo halafu akaunti.

Tuanze na matangazo. Fungua moja ya hizo imeli uteremke mpaka chini kabisa, pale kwa maandishi madogo ya rangi ya jivu yenye unahitaji miwani ya nyanyako kuyasoma. Hapo ndio kuna linki ya unsubscribe. Ukibonyeza, soma ile ukurasa inafunguka vizuri kabla ufunge, hapo ndio wengi huanguka. Utapata batani kubwa ya rangi inang'aa imeandikwa kitu kama "nibakishe", na chini yake kamstari kadogo ka kujitoa. Au unapata viboksi: habari za wiki, ofa za washirika, shoo karibu na wewe, vikumbusho. Ukitoa tiki kwa moja, hizo zingine zinaendelea, na wewe unasema ati ulijitoa. Tafuta pale pameandikwa kujitoa kwa zote, halafu bonyeza ile ya kuseivu, juu kuna zingine bila kuseivu ni kama hujafanya kitu.

Kama unatumia Gmail kuna njia rahisi kuliko hiyo. Juu ya imeli, kando ya jina la mwenye ametuma, huwa kuna neno unsubscribe ambalo limewekwa na Google wenyewe, si kampuni. Tangu 2024 Google na Yahoo waliambia wale wanatuma imeli nyingi, kwa Gmail ni kuanzia elfu tano kwa siku, kwamba lazima mtu aweze kujitoa kwa kubonyeza mara moja tu, na wamtoe ndani ya siku mbili. Kwa hivyo tumia hiyo ya juu kwanza. Ukiona imegoma ndio unateremka chini.

Sasa mbona walirudi? Hapa ndio penye utamu. Ukinunua tiketi, imeli yako huwa haiko na ule mtandao peke yake, mwenye kuandaa shoo pia mara nyingi anapewa listi ya walionunua, juu lazima ajue nani anaingia getini. Huyo naye ana listi yake. Ana shoo ingine Disemba, anaipakia hiyo listi kwa programu ingine ya kutuma imeli, na wewe unaona ni walewale juu picha ni ya msanii uleule. Angalia anwani ya mwenye ametuma, si jina, anwani yenyewe yenye @ katikati. Ikiwa ni tofauti, huyo ni mtu mwingine na lazima ujitoe kwake pia. Sababu ya pili ni hii: siku ulinunua tiketi ingine, pale kwa kulipa kulikuwa na kaboksi kamewekwa tiki tayari, ukaharakisha juu ile M-Pesa ya kuitisha PIN ilikuwa imeshatokea kwa simu, na hivyo ukarudishwa kwa listi. Hiyo tiki ya kuwekewa, wacha niseme tu, ni tabia mbaya. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inataka ruhusa ya wazi kabla mtu atumie data yako kufanya biashara, na mimi sioni venye kukuwekea tiki kwa niaba yako inaweza kuitwa ruhusa ya wazi.

Na ujue risiti na ujumbe wa "shoo imeahirishwa" hazitakoma ukijitoa. Hizo si matangazo, hizo unazihitaji, usikasirike nazo.

Haya, akaunti. Kabla hujaifunga kwanza uisafishe. Angalia kama kuna tiketi ya shoo bado haijafika, juu akaunti ikienda na ile kodi (code) ya kuskani inaenda nayo, na ukifika getini na stori badala ya tiketi, wale mabaunsa unawajua. Angalia kama kuna pesa yako humo: shoo ilikufa, wakasema watakurudishia, halafu wakaiweka kama salio ndani ya akaunti badala ya kurudisha kwa M-Pesa. Idai kwanza, ingoje ifike. Shusha risiti zako zote, hasa kama kazini walikuwa wakulipie. Toa kadi ya benki kama uliiweka. M-Pesa haina shida hapo, PIN yako haikai kwao, lakini namba ya simu inakaa.

Halafu sasa utafute batani. Wakati mwingine haiko kwa apu, iko kwa tovuti, na hata huko unaweza kupata haijaitwa kufunga akaunti, imefichwa chini ya "faragha" au "data yangu". Ukipata neno la kuzima akaunti na neno la kufuta, chagua kufuta. Kuzima ni kulala tu, ukilog in kesho inaamka.

Usipoiona usijisumbue, waandikie. Kwa sera yao ya faragha, ile ukurasa hakuna mtu husoma, huwa kuna anwani ya imeli ya mambo ya data. Andika kutoka kwa imeli ileile ulifungulia akaunti, ndio wasianze kukuzungusha ati wewe ni nani. Unaweza kuandika hivi, na Kiswahili ni sawa kabisa:

*"Habari. Akaunti yangu kwenu inatumia imeli hii ninayoandikia. Naomba muifunge na mfute data yangu binafsi. Pia naondoa ruhusa ya kunitumia matangazo kwa imeli, SMS na WhatsApp, na naomba mwambie na wale mliowapa data yangu. Kama kuna rekodi sheria inawataka mbaki nayo, niambieni ni gani na mtakaa nayo hadi lini. Naomba jibu ndani ya siku 14."*

Hizo siku 14 sijazitoa kwa kichwa yangu, ziko kwa kanuni za 2021 za hiyo sheria, kwa mambo ya kufuta. Hiyo sentensi ya rekodi nayo usiitoe, juu hawatafuta kila kitu na wana haki: sheria ya ushuru inataka mfanyabiashara aweke rekodi za mauzo miaka 5. Sawa, waweke. Lakini kuweka risiti ya KRA si ruhusa ya kukutumia ofa ya boti raid.

Wakinyamaza, chukua picha za skrini za kila kitu, ile siku ulijitoa, ile imeli uliandika na hizo matangazo zimekuja baadaye na tarehe zake zionekane, upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data (ODPC). Tovuti ni odpc.go.ke. Sheria inawapa siku 90 kumaliza kesi yako. Na msione ni ofisi ya mapambo, 2023 walitoza klabu moja ya Ngong Road shilingi 1,850,000 juu ya kupost picha ya mteja bila ruhusa yake. Ukiwaandikia hawa wa tiketi mara ya pili, taja tu kwamba hatua ifuatayo ni ODPC, utashangaa venye batani iliyokuwa haipatikani inapatikana ghafla.

Anko, mimi nilifungua akaunti ya tiketi na imeli ya ofisi ya zamani, saa hii nimeacha kazi na siwezi kuingia hiyo imeli. Nikijaribu kubadilisha paswedi wanatuma kodi huko kwa imeli ya zamani. Nikiwaandikia na imeli yangu mpya wanasema nitume picha ya kitambulisho mbele na nyuma. Nitume? — Mama Wawili, Kahawa West

Mama Wawili, usitume bado. Wewe unataka wapunguze kitu wanajua juu yako, na wao wanataka uwaongezee namba ya kitambulisho ambayo hata siku ya kununua tiketi hawakuitisha. Wana haki ya kuhakikisha ni wewe, hiyo sikatai, vinginevyo mtu yeyote angeamka afunge akaunti yako. Lakini kuna njia ndogo. Wape vitu mwenye akaunti pekee angejua: namba ya simu iliyolipa, ile kodi ya M-Pesa ya malipo yenye herufi na namba (iko kwa meseji zako za zamani, au uitoe kwa statement), tarehe na jina la shoo. Waambie wakutumie kodi kwa hiyo namba ya simu badala ya imeli. Wakikataa kabisa na bado wanataka kitambulisho, waulize kwa maandishi wanakihitaji kwa nini na watakifuta lini, halafu ukituma ziba kila kitu chenye hawahitaji na uandike juu ya picha "kwa ajili ya kufunga akaunti tu" pamoja na tarehe.

Na haraka kidogo tafadhali. Hiyo imeli ya ofisi iko mikononi mwa mwajiri wako wa zamani, mtu wa IT anaweza kuifungua akitaka, na kodi ya kubadilisha paswedi inaenda huko. Kama kuna kadi ya benki humo ndani, hiyo ndio ningeanza nayo, pigia benki.

Napata imeli za tiketi za mpira kwa kampuni sijawahi kuisikia, ati nimeshinda. Chini kuna unsubscribe. Nibonyeze? — Kijana wa Kasarani

Hapana. Unsubscribe ni ya mtu unajua ulijiandikisha kwake. Kwa matapeli hiyo linki inawaambia tu kwamba imeli yako iko hai na kuna mtu anasoma, au inakupeleka ukurasa wa kukuitisha paswedi. Kujitoa kwa kweli hakuitishi paswedi ya imeli yako, kamwe. Ripoti kama spamu, futa, endelea na maisha. Tangu CHAN ya Agosti 2025 pale kwenu na tiketi zikiwa za mtandaoni hao wamejua soko iko, na AFCON ya 2027 ikikaribia hapa kwetu Kenya, Tanzania na Uganda, wataongezeka, kwa hivyo jizoeze mapema kusoma anwani ya mtumaji.

Nimejitoa kwa imeli zao zote lakini SMS bado, tena saa nne usiku. Kuna dawa? — Mlinzi, South B

Iko. Kujitoa kwa imeli hakugusi namba ya simu, hizo ni listi mbili. Kwa laini ya Safaricom angalia mwisho wa hiyo meseji, mara nyingi wameandika STOP *456*9*5#. Piga hiyo ufuate maagizo. Kama meseji inatoka kwa namba ya kawaida ya mtu na si kwa jina la kampuni, hiyo haitasaidia, blok tu. Kama ni WhatsApp, blok na uripoti, usijibu hata kama ni kutukana, juu ukijibu kwao wewe ni mteja mwenye anaongea. Na ukinunua tiketi tena (utanunua, nawajua), kama ni Gmail weka alama ya kujumlisha na neno kabla ya @, mfano jinalako+tiketi, zitakufikia vilevile, na siku ingine mtu usiyemjua akikuandikia kwa hiyo anwani utajua ni nani alikuuza.