Madume watatu wa sungura kizimba kimoja: ndugu wameanza kuumana

SWALI: Nipo Uyole, Mbeya. Nina sungura madume watatu wa uzao mmoja, New Zealand White, wenye miezi mitano. Nimewaweka kizimba kimoja wapashane joto msimu huu wa baridi. Tangu wiki iliyopita wanaumana; mmoja amechanika sikio na ana kidonda kwenye korodani. Nikipanua kizimba wataelewana?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Watenganishe leo, kabla giza halijaingia.

Sungura wa aina hiyo hubalehe akiwa na miezi minne hadi mitano, na hapo undugu unakwisha. Kila dume anataka eneo lake: anasugua kidevu kwenye chombo cha maji, anarusha mkojo, anampanda mwenzake. Anayepandwa akigeuka, wanaanza kuzungukana kila mmoja akiwahi nyuma ya mwenzake, ndiyo maana korodani zinaumia. Ukimtoa mmoja kwenda kupandisha kisha ukamrudisha na harufu ya jike, vita huwaka palepale. Ukiwakuta wameshikana usiingize mkono mtupu. Pitisha ubao katikati yao au watupie gunia.

Sasa huyo majeruhi. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe ndipo umsafishe. Punguza manyoya kuzunguka kidonda taratibu, maana ngozi ya sungura ni nyembamba na mkasi huichana kirahisi. Kisha mpapase kila siku kwa siku kumi hivi. Tundu la jino huziba juu mapema huku uchafu ukibaki ndani, na usaha wa sungura ni mzito kama siagi, haukamuliki. Ukihisi uvimbe, daktari wa mifugo aupasue na kuusafisha. Korodani ikiwa imechanika hadi ndani panaonekana, usisubiri uvimbe, mpeleke leo.

Nakusihi jambo moja: usimpe amoksilini ya kumeza iliyobaki nyumbani. Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huvuruga bakteria wa utumbo wake, anaharisha na anaweza kufa wakati kidonda chenyewe kinapona.

Kuhusu baridi, usiwe na hofu. Sungura mzima mwenye manyoya makavu anaihimili baridi ya Uyole akiwa peke yake, hata ya Makete. Kinachomdhuru ni unyevunyevu na upepo unaopenya kwenye sakafu ya wavu. Mwekee boksi la mbao lenye tundu la kuingilia, ndani nyasi kavu unene wa sentimita 10, uzibadilishe zikilowa. Upande unakotoka upepo shusha turubai, ila kwa juu acha nafasi ya upana wa kiganja kimoja. Ukifunga kila mahali, hewa ya mkojo itawaunguza macho na mapafu.

Kila dume apate kizimba chake, kisichopungua sentimita 75 kwa 60, kimo 45. Kati ya kizimba na kizimba weka ubao mzima, siyo wavu. Penye wavu wataumana pua na vidole, na mkojo utarushwa upande wa pili. Mbao za paini zisizotiwa dawa ya mchwa zinafaa, kwa sababu watazitafuna. Juu ya sakafu ya wavu laza kipande cha ubao apumzishe nyayo.

Lakini jiulize kama unawahitaji wote watatu. Dume mmoja anatosha majike wanane hadi kumi, na jike ndiye apelekwe kwa dume, siyo dume kwa jike. Hawa ni ndugu, kwa hiyo wasipandishwe na dada zao. Badilishana mmoja na mfugaji wa mbali kidogo. Wa nyama wamefika umri wa kuchinjwa. Uzao ujao, watenganishe madume wakifika wiki ya 10, wiki ya 12 ukichelewa sana.

Njia ya kuwaweka pamoja bila vita ni kuwahasi, kazi ya daktari, na hata hivyo baadhi hawapatani. Usimnyime chakula kabla ya upasuaji, kwa kuwa sungura hatapiki na utumbo mtupu humletea shida. Baada ya hapo wasubiri wiki sita wakiwa mbalimbali: homoni bado zimo mwilini, na katika wiki hizo dume aliyehasiwa bado anaweza kumpa jike mimba.