Zeplini na ndege za mwendo wa pole jeshini: mnaogopa risasi bure

Mkuu umeuliza kama zeplini (puto kubwa la gesi lenye injini na usukani) na ndege za pole bado zina kazi vitani au ni shabaha tu. Mimi ni fundi, nimezeekea kwenye ndege za injini moja, Kajjansi karibu na Kampala kwanza, kisha viwanja vya vumbi vya Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda.

Risasi si tatizo kubwa mnavyodhani. Gesi ndani ya zeplini ina presha inayokaribiana na ya hewa ya nje, hivyo tundu linavuja polepole, halipasuki. Agosti 1998 puto la utafiti lilitoroka Kanada. Ndege za kivita za CF-18 zikalimiminia risasi zaidi ya elfu moja, nalo likavuka Atlantiki. Kombora ni habari nyingine, hapo sibishi.

Kinachoishinda zeplini kwetu ni anga lenyewe. Mita moja ya ujazo ya heliamu hunyanyua takriban kilo moja usawa wa bahari. Entebbe iko juu mita 1,150 hivi: karibu sehemu ya kumi ya nguvu imekwenda kabla hujapakia hata jerikani, na joto la mchana bado halijachukua lake. Halafu radi, Ziwa Victoria usiku, nchi kavu alasiri. Caravan, ile Cessna kubwa ya injini moja, unaifunga kamba unakwenda kulala. Zeplini inataka banda kama uwanja wa mpira, na watu wa kuishika ikitua.

Wajerumani walilijua hilo. Novemba 1917 waliirusha zeplini L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, na tani kama 15 za mahitaji ya Lettow-Vorbeck, kamanda wao aliyekuwa akipigana huku kwetu Afrika Mashariki. Haidrojeni ya kuijaza upya isingepatikana, basi wakapanga ikifika ichanwechanwe, kitambaa kiwe mahema. Iliamriwa kugeuka ikiwa Sudan, ikarudi salama baada ya saa 95 hewani. Saa 95! Ndege gani ya wakati ule ingeweza?

Na huo ndio utamu wa mwendo wa pole: kukaa hewani. Ng'ombe wakiibwa Karamoja, ndege za kivita za kasi za Su-30 tulizonunua 2011 hazisaidii kitu; mpaka igeuke, kundi liko chini ya migunga. Kwenye Cessna rubani anapunguza, anazunguka, mwangalizi anafuata vumbi na kuwaelekeza kwa redio askari wa miguu. Afande mmoja alikuwa akitufokea tukienda haraka: "Mnakimbilia wapi, ng'ombe wanatembea!"

Lakini msizipe miujiza. Wamarekani walirusha Pilatus PC-12, ndege ya injini moja, kutoka Entebbe kumsaka Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, msako ukafungwa 2017 bila kumpata. Msitu wa Afrika ya Kati haujali una mwendo gani.

Aliyependekeza puto la kufungwa kwa kebo, lenye kamera, juu ya ziwa au mpakani: wazo si baya, halihitaji rubani wala mafuta mengi. Ila Oktoba 2015 puto la namna hiyo lilikatika Maryland, likaburuta kebo hadi Pennsylvania na kukata umeme wa maelfu ya watu. Fikiria hiyo kebo ikipita Jinja, penye mabwawa yetu ya umeme.

Fedha zikiwa zangu, ningenunua Caravan chache na kamera nzuri za joto. Zinatua kwenye murram, yaani udongo wa changarawe, na zinakunywa Jet A-1, mafuta ya ndege yaleyale ambayo malori yanayafikisha Soroti, mashariki mwa Uganda, tayari.