Maswali ya Wasomaji: Mrija wa spidi umegongwa tena, nifanyeje?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina kandege kangu ka viti viwili, bawa liko chini, nimekajenga mwenyewe kwa miaka mingi. Kinachonisumbua ni ule mrija wa kupimia spidi, pito, umening'inia chini ya bawa la kushoto unaangalia mbele, uko usawa wa goti na kila anayepita hapo lazima auguse. Mwezi uliopita mgeni kaugonga na ugoko akaanza kurukaruka kwa maumivu, mi badala ya kumpa pole nikakimbilia kuangalia mrija, mke wangu hajanisamehe mpaka leo. Juzi nikaugonga mwenyewe nikiburuta ngazi. Sasa hivi nimeuvalisha mpira wa tenisi ila wenzangu hangani wananicheka. Hakuna njia ya maana zaidi? Halafu naona umeinama kidogo, naweza kuunyoosha kwa mkono?

JIBU: Marahaba, na huyo mgeni mpe pole hata kama umechelewa. Kwenye kuunyoosha kwa mkono, hapana, usiuguse, nitafika huko.

Kwanza wanaokucheka waache wacheke, mpira wa tenisi sio ujinga hata kidogo, mi mwenyewe nimeutumia miaka. Unauchana kidogo na kisu, unausukuma kwenye ncha, basi, ile rangi yake inaonekana hata hangani kukiwa na kiza na mtu akigonga anagonga mpira sio chuma. Ila umefunika ncha tu, ule mguu wa mrija unaoshuka kutoka kwenye bawa umebaki uchi na nahisi ndo huo ngazi yako imeukuta. Afu mpira uliochanwa vibaya unaacha vijipande na manyoya, na vitu vya hivyo hutaki kabisa viwe jirani na kitundu cha pito, kwahiyo ukishauchana ukung'ute na uufute ndani kabla hujauvalisha.

Mimi siku hizi natumia lile sponji refu la duara wanalokumbatia watu wanaojifunza kuogelea, si unalijua, lina rangi za kupiga kelele na lina tundu katikati tayari. Nakata kipande, nakichana ubavuni kwa urefu wote, nakivalisha kwenye mguu wa mrija nakizungushia velkro, mbele kwenye ncha naweka kava la kitambaa kigumu, na kwenye kava nashonea utepe mwekundu mrefu unaokaribia kugusa chini. Huo utepe ndo unafanya kazi kubwa kuliko vyote maana unachezacheza na upepo, na mtu anayetembea huku anaangalia simu jicho lake linanasa kitu kinachocheza, haligundui kijiti kilichotulia. Ndege ikiwa imepaki muda mrefu naongeza koni ya barabarani chini ya bawa, hatua moja mbele ya mrija. Watu wana adabu ya ajabu na koni, hata hawajui inalinda nini wanaizunguka tu.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize. Hivyo vyote ulivyovalisha lazima vivuliwe pamoja kabla hujawasha injini, na siku utakayosahau haitakuwa siku ya utulivu, itakuwa siku una abiria anaongea sana na mvua inakuja. Tarehe 18 Julai 2018 pale Brisbane, Australia, Airbus A330 ya abiria ilipaa kava zikiwa bado kwenye pito zote tatu, na hao wana marubani wawili na mafundi chini. Walirudi wakatua salama, ila kama wao wamepitiwa mimi na wewe ni nani? Kwahiyo funga kamba kwenye kava, ipitishe juu ya bawa iingie kokpiti, ifunge kwenye stiki, ule mkono wa kuendeshea ndege. Hutaweza kukaa wala kushika stiki bila kuifungua, na ukiifungua unakumbuka upande wa pili kuna nini. Mi yangu niliifunga kwenye mfuko wa funguo, wazo zuri mpaka nilipoweka funguo za akiba. Sasa iko kwenye stiki.

Na usije ukasema basi bora niuache wazi tu. Nyigu wa udongo anapenda sana tundu la saizi ile, anaziba kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Boeing 757 iliyoanguka karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, tarehe 6 Februari 1996 ikaua watu wote 189, wachunguzi walishuku kiota cha nyigu kwenye pito moja, na ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila kava.

Haya, kuinama. Kwa macho mrija ulioinama kidogo unatisha kuliko ulivyo, ile ncha inavumilia upepo wa pembeni nyuzi kama 10 hivi bila kudanganya sana. Shida ni vile usivyoviona. Presha tunayopima hapa ni ndogo mno, ukiwa noti 100 (kama kilomita 185 kwa saa) inatosha kupandisha maji kwenye kibomba sentimita 16 au 17 tu, na ukishuka noti 50 haibaki nusu, inabaki robo, sentimita 4. Ndo spidi unayokuja nayo kutua hiyo! Kwahiyo ufa mdogo au kiungio kilicholegea ndani ya bawa kinavujisha na saa ya spidi inasoma chini ya spidi ya kweli. Ngazi inagonga nje, kinacholegea kiko ndani. Alumini iliyoinama ukiirudisha kwa mkono unaweza kuimalizia kupasuka, na kama mguu wako una vitundu vya presha tuli (ile ya hewa iliyotulia, sio ya upepo wa mbele) hapohapo ndo usiuguse kabisa, hivyo havivumilii pembe kama ncha inavyovumilia. Mwite fundi mwenye leseni afanye testi ya kuvuja, na kama mrija ni wa bomba la kawaida la alumini tengeneza mpya tu, rahisi kuliko kubahatisha. Na tafadhali usipulize kwa mdomo kuona kama saa inacheza! Pumzi yako ni kubwa kuliko unavyofikiri, nimeona sindano imezunguka mpaka mwisho ikagoma kurudi.

Kwa kuwa umeijenga mwenyewe fikiria pia kuweka kikonyo cha kuchomoa, mrija unatoka unaenda nao mfukoni na tundu unaliziba kwa kizibo chekundu. Ukishaurudisha angalia umekaa ulivyokaa jana. Ndege ya kiwandani yenye cheti huruhusiwi kujiamulia hilo bila kibali.

SWALI: Fundi, mi nasomea urubani. Je, nikishapaa ndo nikagundua spidi inasoma 0, nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza ungegundua ukiwa bado kwenye ranwei. Ukishasukuma gesi piga jicho kwenye saa, sindano ikikataa kuamka na ranwei bado ndefu, funga gesi usimame. Ukishakuwa juu weka nguvu ya injini na pua pale unapoweka siku zote ukipanda, ndege itaenda spidi ileile ya siku zote, haijui kama saa imekufa. GPS inakupa spidi ya juu ya ardhi, sio ya kwenye hewa, upepo unaiongeza au kuipunguza, itumie kwa akili. Na kuna hali moja ya kishetani, kitundu cha mbele cha pito na kile cha kutolea maji vikiziba vyote: sindano haiendi 0, inapanda kadri unavyopanda juu. Unaona spidi imezidi, unavuta pua juu kuipunguza, inazidi tena, unavuta tena, huku kweli unakaribia kuanguka. Ukiona spidi inaongezeka na pua iko juu na injini hujaigusa, usiiamini hiyo saa, rudisha pua mahali pake kwanza.