Vibwengo wawili wanatosha: kikao cha kwanza cha mchezo wa hadithi mezani

Barua za safari hii zimetoka kusini, na zote zinahusu mchezo mmoja: ule wa hadithi na dadu, jamii ya Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Kwa asiyeujua: mmoja huwa msimulizi, waliobaki kila mmoja anashika mhusika wake. Msimulizi anaeleza hali ilivyo, wachezaji wanasema wanachofanya, dadu huingia penye mashaka.

Swali: Wahariri, habari za kazi. Nimepakua kanuni za bure, kurasa zake hazimaliziki. Rafiki zangu watano wamekubali tucheze Jumamosi, na hakuna hata mmoja aliyewahi. Msimulizi ni mimi. Nianzie wapi?
*Msomaji, Mikindani*

Jibu: Anza kwa kupunguza. Wachezaji wanne wanatosha. Wa tano mpe kazi ya kuhesabu uhai wa maadui (pointi zinazopungua kila wakipigwa) na kutaja zamu ya nani, kikao kijacho mbadilishane. Shida ni kungoja. Kwenye pambano, mgeni wa mchezo hutumia dakika mbili tatu kuamua tu, na wakiwa watano, yule aliyeanza ameshachukua simu kabla zamu haijamrudia.

Kanuni soma tatu tu: namna ya kurusha dadu, mpangilio wa zamu kwenye pambano, na uwezo wa wahusika wa daraja la kwanza, yaani wanaoanza. Ya kwanza ndiyo inayobeba nyingine zote. Mchezaji anarusha dadu ya pande 20, anaongeza nyongeza ya mhusika wake (namba ndogo iliyoandikwa kwenye karatasi yake kwa sifa inayohusika, kama nguvu au akili), mnalinganisha na namba ya ugumu: jambo jepesi 10, la wastani 15, gumu 20. Ukisahau kanuni nyingine mchezo ukiendelea, chagua mojawapo ya namba hizo tatu usonge mbele. Kikao kinalala msimulizi anapopekua kitabu watu wamekaa roho juu. Kanuni ikikosewa kidogo hakuna anayejua.

Wahusika waandae mwenyewe, maana kuwatengeneza hapo mezani kunaweza kumeza alasiri nzima. Andika watano kwa wachezaji wanne, ili hata wa mwisho abaki na cha kuchagua. Nusu karatasi kwa kila mmoja: jina, kazi, nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, mvuto, kisha uhai, ulinzi na silaha. Mchawi mpe mbinu mbili za uchawi, basi. Chini kabisa weka sentensi moja inayomfunga na mwenzake: "Unamdai nahodha nauli ya safari mbili." Deni hilo litawafanya wasemezane kabla hujafungua mdomo.

Hadithi usiianzie kijijini watu wakiulizana habari za kazi. Waweke mlangoni pa shida. Hapo kwenu mifano ipo tele. Chukua kwa mfano Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14 lenye kidimbwi cha pembe nane juu ya bahari. Buni jumba kama hilo, lililoachwa, ambalo lango lake la chini hufunikwa maji yakijaa. Vyumba vitatu: kimoja cha fumbo, kimoja cha mazungumzo na mtu asiyeaminika, kimoja cha pambano. Halafu weka bakuli katikati ya meza. Kila wachezaji wakipoteza muda, dondosha kete moja ya bao ndani, waisikie. Zikifika sita, lango limefungwa na watatafuta njia nyingine ya kutoka. Hutahitaji kumhimiza mtu.

Jambo la lazima usilifiche nyuma ya dadu moja. Ukisema mlango wa siri unaonekana kwa 15 tu, na wanne wote wakakosa, mchezo umeishia hapo. Mlango wauone, dadu iamue umewagharimu kete ngapi za maji.

Kwenye pambano ndiko wasimulizi wapya wanakoua wahusika bila kukusudia. Kwa kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, kibwengo (adui mdogo, kwa Kiingereza goblin) ana uhai 7 na ulinzi 15, yaani namba ambayo anayempiga lazima aifikie, na pigo lake hutoa uhai 3 hadi 8. Mchawi wa daraja la kwanza kwa kawaida ana uhai 7 au 8, kwa hiyo pigo moja zuri linaweza kumlaza. Vibwengo wanne dhidi ya wahusika wanne wa daraja hilo, kipimo cha kitabu chenyewe kinalihesabu pambano la kuua. Weka wawili. Ukiona wanapigwa kirahisi, wa tatu atokee mlangoni. Kumwongeza kibwengo hakuna anayelalamika, ila kumwondoa aliyeshaonekana kunanuka huruma.

Kaeni kuanzia saa 9 alasiri, saa 12 jioni mmemaliza.

Swali: Dadu za pande nyingi nimezitafuta maduka ya hapa mjini sijazipata. Ninazo mbili za ludo. Je, hazifai badala ya ile ya pande 20?
*Msomaji, Chikongola, Mtwara*

Jibu: Kwa kuzijumlisha, hazifai. Dadu mbili za ludo haziwezi kupita 12, na wastani wake ni 7. Ile ya pande 20 wastani wake ni 10.5. Mhusika mwenye nyongeza ya 3 akitafuta 15 anahitaji kurusha 12 au zaidi: kwa pande 20 ana nafasi 9 kati ya 20, kwa ludo mbili ana nafasi 1 kati ya 36. Mtashindwa kila jambo mkadhani mchezo ni mbovu.

Kata vipande 10 vya karatasi kutoka jalada moja la daftari, vilingane, uandike 1 hadi 10. Piga mstari chini ya 6 na 9, la sivyo mtagombana. Vitie kwenye kopo. Mchezaji anachomoa kimoja na kurusha dadu moja ya ludo: ikija 1 hadi 3, namba inabaki ilivyo, ikija 4 hadi 6, anaongeza 10. Karatasi irudi koponi na kopo litikiswe kila mara. Isiporudi, wajanja wataanza kuhesabu zilizobaki.

Kopo hilohilo ni dadu ya pande 10. Kwa pande 8, ukichomoa 9 au 10 rudia. Kwa pande 4, tumia ludo moja na urudie ikija 5 au 6. Kwa pande 12, rusha ludo mbili za rangi tofauti: ya kwanza ikija 4 au zaidi, ongeza 6 kwenye ya pili. Zipo programu za simu zinazorusha dadu, lakini simu ikikaa mezani na WhatsApp imekaa mezani.

Swali: Mmoja wetu anaongea kwa niaba ya wote, mwingine hasemi kitu.
*Msomaji, Mtanda, Lindi*

Jibu: Msemaji mpe kazi ya kuchora ramani, mikono iwe na shughuli. Mkimya usimuulize "unafanya nini?" Mpe njia mbili: "Unashika kamba, au unamfuata kibwengo?" Na hakuna kumsemea mhusika wa mwenzio.

Swali: Nataka kuanzisha mchezo huu shuleni. Wazazi wakisikia uchawi na dadu, watasema ni ushirikina na kamari.
*Mwalimu, Nachingwea*

Jibu: Mwalimu, usiwafiche. Marekani kwenyewe miaka ya 1980 wazazi na makanisa waliupiga vita kwa hofu hiyohiyo. Kamari ina dau. Hapa hakuna dau wala mshindi. Alika mzazi mmoja akae nyuma asikilize.

Mchawi mgeuze mjuzi wa nyota na pepo za bahari, kanuni zake zibaki zilevile. Lakini mambo ya unyago, jando na vinyago vya mapiko vya Wamakonde usiyafanye maadui wa kupigwa. Ni mila hai za watu, pengine za nyumbani kwa mwanafunzi huyohuyo. Mnyama wa kutisha mnaye kwenye kilima cha Tendaguru, mkoani humo humo, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria mwaka 1909 hadi 1913 na kuipeleka Berlin. Mmoja abaki mlimani, hai.

Vipindi viwili vya mfululizo vinatosha vyumba viwili, si vitatu. Funga dakika kumi kabla ya kengele, na karatasi za wahusika zibaki kwako; zikienda nyumbani, nusu hazirudi.