Kama hukuigusa picha, usiirende upya

Jana usiku kijana mmoja wa Sengerema ameniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nimerenda ibada ya masaa matatu, mashine imeanza saa mbili usiku imemaliza alfajiri, na video imetoka mbaya kuliko ya kwenye kamera. Ninunue kompyuta gani?" Nikamuuliza amefanya nini kwenye hiyo ibada. Akajibu: "Nimekata mwanzo na mwisho tu. Imetoka faili la GB 10."

Kurenda, kwa asiyejua, ni kuiachia programu ya kuhariri iisimbe video upya kuwa faili jipya. Nilibaki na simu mkononi muda mrefu. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe miaka sita iliyopita.

Mdogo wangu, pesa ya kompyuta iweke kwanza. Kaa nikusimulie.

Wakati huo ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja Kirumba, hapa Mwanza, ukishuka kuelekea soko la Mwaloni, harufu ya dagaa inaingia mpaka ndani. Nilipata harusi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika. Bibi harusi kwao Ukerewe, baba yake mvuvi wa siku nyingi. Kamati iliniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp tangu michango ilipoanza, nami nilijiona nimefika. Siku yenyewe tulienda Capri Point, halafu maharusi wakapanda boti, Jiwe la Bismarck nyuma yao, jua la saa kumi na moja jioni limelalia maji. Mimi nikiwa kwenye boti la pili, nimeinama ukingoni, nilirekodi dakika sita bila kukata. Upepo umeinua shela, mawimbi madogo madogo yanameremeta. Mpaka leo naamini sijawahi kupata picha nzuri kuliko ile.

Sehemu ile ya boti sikuihariri. Sikugusa rangi, sikuweka maandishi. Nilikata kichwa na mkia, nikairenda kwa mpangilio ule ule nilioonyeshwa na aliyenifundisha kazi: bonyeza hapa, bonyeza hapa, subiri. Saa nane usiku umeme ukakatika, nikaanza upya. Jumatatu nikafuta kadi za kamera kwa sababu kulikuwa na kazi nyingine. Jumanne nikapeleka flashi.

Baba bibi harusi aliitazama sebuleni kwake kwenye TV kubwa, mimi nimekaa pembeni na soda. Ilipofika kwenye boti akaomba irudishwe nyuma. Irudishwe tena. Akainuka, akasogea mpaka kwenye kioo, akaweka kidole juu ya maji.

"Kijana, ziwa hili nimelala juu yake miaka arobaini. Halina vigae."

Alikuwa amesema kweli. Maji yote nyuma ya binti yake yalikuwa yamekatika miraba miraba, na boti lilikuwa linakwenda kwa kushtukashtuka. Nilimwambia labda ni TV. Nilimdanganya mzee wa watu nyumbani kwake, na hilo linaniuma kuliko yote yaliyofuata.

Usiku ule kwenye kundi la kamati mtu akaandika kwamba mpiga video amewaangusha. Wakafuata wengine. Hawakukumbuka kwamba bado nimo humo. Nilisoma yote, sikujibu, nikatoka asubuhi. Salio langu sikulidai, na kodi ya chumba ilikuwa inaningoja.

Nilichokuja kukigundua ni hiki. Kamera yangu ilirekodi picha ya 1920 kwa 1080, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, na data ya megabiti 50 kwa sekunde. Mpangilio niliokuwa nabonyeza ulitoa fremu 30 na megabiti 8. Sikuwahi hata siku moja kulifungua faili nikaangalia lina nini ndani.

Video nyingi tunazoshika zimesimbwa, yaani zimebanwa, kwa njia iitwayo H.264 au H.265. Zinapunguza uzito kwa kuhifadhi hasa kile kilichobadilika kutoka fremu moja kwenda nyingine. Ukuta wa kanisa haubadiliki, kwa hiyo ni kazi rahisi. Maji ya ziwa yanabadilika kila mahali, kila fremu. Ukiyapa biti chache, programu inachanganya sehemu zinazokaribiana kuwa mraba mmoja. Hivyo ndivyo vigae vya mzee. Na ukitoka fremu 25 kwenda 30, lazima fremu tano zizae sita, kwa hiyo kwa kawaida moja inarudiwa. Ndiyo maana boti lilikuwa linashtuka.

Nilijaribu kuliokoa. Nikachukua lile faili la megabiti 8 nikalirenda tena kwa 50. Faili likanenepa, vigae vikabaki vilevile. Kilichotupwa hakirudi, na kadi nilikuwa nimeshazifuta.

Sasa sikiliza. Kabla hujaburuta chochote kwenye taimulaini ya programu yako ya kuhariri, lifungue faili kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, bonyeza Ctrl na J. Utaona kodeki (njia iliyotumika kusimba, kama H.264), ukubwa wa picha na idadi ya fremu. Ukitaka undani zaidi chukua MediaInfo, ni ya bure. Dirisha la sifa za faili la Windows linakupa fremu na kasi ya biti (zile megabiti kwa sekunde), lakini kodeki halikuambii. Na usidanganywe na jina la mwisho wa faili. MP4 na MOV ni makasha tu. Ndani ya kasha lile lile inaweza kukaa H.264 au H.265, na kuna TV za zamani ambazo H.265 zinaishia kutoa sauti bila picha. Video za simu ziangalie mara mbili, kwa sababu simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu katikati ya kurekodi, na baadaye sauti inaachana na midomo.

Halafu piga hesabu. Megabiti 50 gawa kwa 8 ni megabaiti 6.25 kila sekunde. Saa moja ni gigabaiti 22.5. Ibada yako ya masaa matatu, kama kamera yako ni kama ile yangu, iliingia na gigabaiti 67 na zaidi. Wewe umetoa 10. Hapo usilaumu mashine.

Kama unakata tu, usisimbe upya. Programu ya LosslessCut inakata bila kusimba. Avidemux inafanya hivyo ukiacha picha na sauti kwenye kunakili. Anayeweza kuandika amri atumie ffmpeg na -c copy. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, nayo, kwenye ukurasa wa kutolea faili, ina kisanduku cha kuweka tiki ili iruke kusimba upya pale inapowezekana. Biti zilezile zinahamishwa kama zilivyo. Kasi inategemea diski yako zaidi kuliko prosesa.

Lakini ina masharti. Ukigusa rangi, ukiweka jina au ukififisha picha, sehemu hiyo lazima isimbwe upya. Vipande vya kuunganisha lazima vifanane kodeki, ukubwa na fremu. Na kisu hakikati popote: kinaanzia kwenye fremu kuu, ile iliyohifadhiwa nzima, kwa hiyo mwanzo unaweza kusogea kidogo. Mwezi uliopita kwaya moja ya Nyakato iliniletea tamasha lao la masaa mawili nitenganishe nyimbo. Kila wimbo niliuanzia ndani ya makofi ya wimbo uliotangulia, nikaacha sekunde mbili tatu za akiba. Mwenyekiti wao alikuwa bado hajamaliza chai, nyimbo kumi na nne ziko kwenye diski yake, picha haina vigae, nyuso ni nyuso. Nilimtazama akicheka na kioo nikamkumbuka yule mzee.

Ndugu zangu wapiga video wa Mwanza, watu wanatukabidhi siku ambayo haitarudiwa. Tunakopa kununua lenzi, tunanunua droni, halafu kazi yote tunaiharibu kwenye kitufe cha mwisho kwa sababu ya kutoangalia vitu vinne: kodeki, ukubwa, fremu na kasi ya biti. Msiniambie mteja haoni tofauti. Mvuvi aliona.

Wewe wa Sengerema: kadi zako bado unazo? Usizifute, hata kama kesho una kazi. Fungua faili la kwanza kwa VLC, piga picha ya dirisha la kodeki, nitumie. Ukiweza, nitumie na ya lile faili la GB 10. Nipo macho mpaka saa sita.